Chupa Kwenye Lundo la Pamba

Msimu wa mavuno ukifika kijijini Zagayu, pamba ndiyo mwenye nyumba. Watu ni wapangaji tu. Pamba huanza na chumba cha watoto. Kisha huchukua sebule. Mwishowe huja kulala na baba na mama.

"Mwaka huu pamba ina tabia za mama mkwe," Luhaga alimwambia mkewe Kabula. "Ilikuja kusalimia. Sasa inachagua kitanda."

"Nitamwambia mama yangu umesema hivyo," Kabula alijibu.

Alicheka, lakini mkono wake haukutikisika. Alikuwa anamchoma sindano binti yao, Justina, aliyekuwa na miaka kumi na miwili. Justina alikuwa na kisukari kwa mwaka wa tatu sasa. Mwili wake hautengenezi insulini. Bila insulini, sukari ya chakula hubaki kwenye damu na mwili hufa njaa huku sahani imejaa. Nesi wa zahanati aliwaambia bila kuzunguka: "Sindano asubuhi, sindano jioni. Akikosa, hatuna mtoto."

Nesi huyohuyo aliwafundisha kutunza dawa bila friji. Unachukua mitungi miwili. Mdogo unakaa ndani ya mkubwa. Katikati unajaza mchanga na kuumwagia maji kila siku. Chupa ya dawa inawekwa kwenye kopo kavu ndani ya mtungi mdogo, na juu unafunika kitambaa kibichi. Mitungi hukaa kivulini na hewa ikipita. Ndani kunakuwa na ubaridi.

Siku hiyo ilifika pamba ya shamba la mwisho. Luhaga alitoa mitungi nje ili apate nafasi. Alikuwa hajageuka vizuri, beberu wao akaurukia mtungi mkubwa. Ukapasuka, ila kopo la dawa likabaki salama.

"Sasa dawa tutaweka wapi?" Kabula aliuliza.

Luhaga alilitazama lundo lililokaribia kugusa bati. "Weka humo. Umewahi kuona hospitali dawa inakaa bila pamba?"

Ilikuwa masihara. Lakini Kabula aliwaza: pamba ni safi. Haina jivu, haina panya. Aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akaificha chupa humo. Masihara ya mume yakawa mpango wa mke.

Juu kulikuwa na bati. Kila siku saa saba mchana, bati hilo lingeweza kukaanga karanga.

Siku ya nane, Justina alianza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Alikwenda haja ndogo kila mara. Kabula alimtoboa kidole, akapima. Kipimo kilionyesha ishirini na nne. Siku zote kilisoma nane au tisa.

"Sindano nimemchoma," alisema, "sijaruka hata moja!"

"Basi dawa ndiyo mbovu," Luhaga alisema. "Wametupa maji."

Kabula alichukua simu. Siku hizi makampuni ya simu yanagombania wateja, na bando la kuingia mtandaoni linauzwa hata kwenye kibanda cha chumvi. Kabula alikuwa mwanachama wa kundi la mtandaoni linaloitwa Sukari Yetu. Humo walikuwemo wagonjwa wa kisukari na wazazi wao, kutoka Maswa, Meatu, Busega na kwingineko. Humo alijifunza kupika ugali wa mtama. Humo alilia siku Justina alipocheka shuleni kwa mara ya kwanza tangu augue.

Alipiga picha ya chupa na bomba la sindano. Akaandika: "Dawa ya zahanati ni feki. Sukari 24. Wenzangu nisaidieni."

Dakika moja haikuisha. Ujumbe ukapotea. Badala yake yalitokea maneno makavu: ujumbe wako umeondolewa, umekiuka kanuni.

"Kanuni gani?" Kabula aliiuliza simu. Simu haikujibu.

Lakini kabla ujumbe haujapotea, mtu mmoja alikuwa ameuona. Alijiita Mponyaji Shija. Alimwandikia Kabula pembeni, wawili tu. "Mama, umeona? Wanafuta ukweli. Hawataki upone. Nina mzizi wa kumaliza sukari. Ila sindano na mzizi ni maadui. Acha sindano siku tatu, mzizi ushike njia."

Kabula aliusoma ujumbe huo mara nne. Ndani ya kundi hakuna aliyemjibu. Huyu amejibu. Amemwita mama.

Jioni ile hakumchoma Justina sindano.

Asubuhi Justina alitapika uji. Kabula aliogopa. Aliandika tena kwenye kundi, safari hii bila picha: "Nimeshauriwa niache sindano siku tatu ili mzizi ufanye kazi. Tangu jana jioni sijamchoma. Nani amewahi?"

Ujumbe ukafutwa. Safari hii haukufutwa na mtandao. Aliufuta admini wa kundi, Januarius, mwalimu wa Lamadi ambaye mwenyewe amejichoma insulini kwa miaka ishirini. Mara simu ikaita.

"Mama Justina, mwangaluka, habari za asubuhi. Mimi Januarius wa kundi. Nakuomba..."

"Ndiye wewe unayefuta ukweli?" Kabula alifoka. "Mwanangu anakunywa mtungi mzima, wewe unanifunga mdomo! Unakula na wenye dawa feki, eti?"

"Mama, sikiliza. Mtoto anapumuaje?"

"Anapumua kwa pua! Kafute na hiyo!"

Akakata simu. Januarius alipiga tena. Kabula aliizima.

Luhaga alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwa na masihara mdomoni. "Mama Justina," alisema polepole, "huyo mtoto mbona anahema kama amepanda mlima?"

Justina alikuwa amelala kwenye mkeka. Kifua kilipanda na kushuka kwa nguvu. Kabula alimwita. Alifumbua macho, akayafumba.

Nje kengele ya baiskeli ililia bila kukoma. Aliyefika ni Maximiliana, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Naye alikuwa kwenye kundi. Januarius alikumbuka kwamba Kabula aliwahi kujitaja kuwa wa Zagayu, na kwamba mhudumu wa kijiji hicho hutoa ushauri humo. Alimpigia.

"Hodi sisemi!" Maximiliana aliingia akihema. Alipiga magoti, akainusa pumzi ya Justina. "Harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Mwili umekosa insulini, unajitengenezea sumu. Hii si ya kungoja. Baba Justina, pikipiki. Sasa hivi!"

Luhaga alishatoka mbio.

"Dawa iko wapi?" Maximiliana aliuliza.

Kabula aliingiza mkono kwenye lundo la pamba. Maximiliana aliipokea chupa, na macho yakamtoka.

"Mayu, mama yangu! Ina moto kama yai lililotoka kwa kuku! Nani amekwambia pamba ni friji?"

"Pamba si safi?"

"Ni safi. Lakini lundo chini ya bati ni blanketi. Joto likiingia halitoki." Aliibiringisha chupa taratibu kati ya viganja, akaiinua kwenye mwanga. "Dawa hii ikiwa nzima, ukiibiringisha inakuwa kama maziwa. Tazama hii. Ina chembechembe, imeganda kwenye kioo. Dawa haikuwa feki, mama. Imepikwa. Umekuwa unamchoma mtoto mchuzi."

Kabula aliishika chupa, akaitazama mwenyewe kwenye mwanga.

"Na sindano mliacha tangu lini?" Maximiliana aliuliza.

"Jana jioni. Kuna mtu..."

"Huyo mtu utamsimulia daktari. Shika mtoto."

Safari ya kwenda Bariadi Kabula hakuikumbuka vizuri. Alikumbuka kichwa cha Justina kifuani mwake, na mgongo wa dereva. Kila walipopita kwenye mashimo alimwita, "Justina." Mtoto aliitika kwa kuguna. Karibu na mjini hakuitika tena.

Hospitalini walimpokea mbio. Walimtundikia maji. Wakampa insulini nzima, kidogo kidogo, huku wakimpima kila saa. Kabula alikaa kwenye benchi. Kama kuna benchi lililojengwa kwa miiba, ni lile.

Jua lilipoanza kuzama, Justina alifumbua macho. "Mama," alisema, "pamba mmeshauza?"

Luhaga alicheka na kulia kwa pamoja. "Bado. Inakungoja wewe uipangie bei."

Daktari alimweleza Kabula jambo moja, akalirudia. "Mwenye kisukari cha aina hii haachi insulini hata siku moja, hata akiwa anatapika. Ukiona sukari haishuki, mlete siku hiyohiyo na chupa yake. Usingoje kesho, wala usingoje majibu ya simu."

Siku ya tatu, Januarius alikuja kutoka Lamadi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na amebeba furushi la sangara wa kukaangwa. Kabula alitazama chini.

"Nilikutukana, mwalimu."

"Ulinitukana vizuri," Januarius alisema. "Ile ya kupumua kwa pua nimewapelekea wanafunzi."

Kisha akakaa. Uso wake haukuwa wa utani tena. "Ujumbe wako wa kwanza sikuufuta mimi. Mtandao una mashine inayokagua picha. Iliona bomba la sindano, ikadhani unauza dawa za kulevya. Mashine haijui kisukari. Tunaweza kuomba binadamu apitie upya, lakini huchukua siku."

"Na ule wa pili?"

"Niliufuta mimi. Wanachama wengi ni wapya. Mmoja angesoma 'acha sindano', akaacha."

Kabula aliinua kichwa. "Sawa. Lakini mwalimu, uliponifuta kimya, yule wa mizizi alikuwa amekaa pembeni anangoja. Alisema wanaficha ukweli, nami nikaona kweli nafichwa. Ungeacha hata neno moja pale."

"Hapo nimekosea," Januarius alisema. "Nilitoa takataka, nikamsahau mtu."

Wiki ile kundi lilipata utaratibu mpya. Ushauri wa kuacha dawa hufutwa, lakini huachwa neno la kueleza sababu, na aliyeandika hupigiwa simu papo hapo. Somo la mitungi miwili liliwekwa juu kabisa, kwa mchoro usio na sindano, ili mashine isishtuke. Mponyaji Shija aliondolewa, na wanachama wakaonywa juu ya wanaoandika pembeni. Kila mwanachama aliandikisha kijiji chake na mhudumu wa afya wa karibu.

"Na kazi ya kupiga simu tunampa nani?" Januarius aliuliza.

"Mpeni mke wangu," Luhaga alijibu. "Ana mapafu."

Mavuno yaliyofuata, pamba ilijaa tena chumbani. Mitungi mipya miwili ilikaa pembeni kivulini, imezungushiwa miiba. Beberu alipita mbali. Kipimo cha Justina kilisoma nane. Alikuwa shuleni.

Kabula alikuwa anamwagia mchanga maji simu ilipolia. Mama mmoja wa kijiji cha Kimali alikuwa ameandika kwenye kundi: "Mwanangu anatapika. Nimeambiwa sindano inazuia mizizi, nimeiacha."

Kabula aliufuta ujumbe. Mahali pake akaandika: "Ushauri huu ni hatari, ndiyo maana tumeuondoa. Mama, nakupigia." Akatazama orodha, akampigia kwanza mhudumu wa afya wa Kimali, kisha yule mama.

"Wewe ndiye unayefuta maneno ya watu?" sauti ilifoka upande wa pili. "Mnaficha nini nyie?"

"Ndiye mimi, mayu," Kabula alisema. "Mhudumu wenu Mahona yuko njiani kuja kwako. Mbebe mtoto, chukua na chupa ya dawa, toka nje umngoje. Na usikate simu. Nitukane mpaka mfike hospitali."