Ukuta wa Nyuma ya Kabati

Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa kwenye kazi yake ya kila wiki: kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye magauni aliyoshona mama yake. Mdomo wake ulifanya kazi kuliko mkasi, ndiyo maana akaitwa Chiriku. Mama aligeuza kila gauni ndani nje kabla ya kulikunja.

"Lakini mama, nje limependeza. Ndani nani atatazama?"

"Mimi. Haya, vaa viatu. Tunakwenda kuona nyumba ya kununua."

Chiriku aliruka kwa furaha. Nyumba waliyopanga ilikuwa na unyevu, na mdogo wake mwenye pumu hakupata nafuu humo. Baba, dereva wa lori, alikuwa safarini. Alikuwa ameshasema, "Mama yenu akiridhika, na mimi nimeridhika."

Dalali aliwapokea getini akitabasamu hadi jino la mwisho. "Karibuni! Nyumba hii ni keki, mama."

"Keki huwa naikata kwanza," mama alisema, akapita.

Chiriku alimfuata, kifua mbele kwa fahari. Mama alifungua mabomba yote kwa pamoja aone kama maji yatapungua nguvu. Alivuta maji chooni. Aligonga vigae kwa kifundo cha kidole, akisikiliza vilivyo na uwazi chini yake. Aliinua macho darini kutafuta madoa ya mvua. Hakuna mlango ambao hakuufungua na kuufunga.

Dalali alijifuta jasho. "Mama, ulisomea ujenzi?"

"Nilisomea magauni."

Chumba cha mwisho kilikuwa cha watoto: rangi ya samawati, dirisha pana, kabati la ukutani. Chiriku alikipenda papo hapo. "Kitanda changu hapa, cha mdogo wangu pale!" Mama alipokuwa akijaribu komeo la dirisha, Chiriku alifungua kabati na kugusa ukuta wa nyuma. Rangi ilibanduka, ikabaki kidoleni. Ukuta ulikuwa umelowa, na harufu yake ilikuwa ileile ya nyumba wanayotaka kuihama.

Akafunga kabati polepole. Akisema tu, kwaheri chumba cha samawati.

"Dirisha ni zima," mama alisema. "Na hilo kabati, umelitazama?"

Chiriku aliegemea mlango wa kabati. Masikioni mwake ulimjia ule mluzi wa kifua cha mdogo wake anapotafuta pumzi.

"Chiriku kanyamaza? Mwanangu, unaumwa?"

"Fungua mwenyewe, mama," alisema, machozi yakimlenga. "Ukuta umelowa."

Mama aliupapasa, akanusa. Upande wa pili kulikuwa na bafu. Alihakikisha mabomba yote yamefungwa, kisha akatoka nje kwenye mita ya maji. Kigurudumu chake kilikuwa bado kinazunguka.

"Bomba linavuja ndani ya ukuta," alisema.

"Sikujua, mama! Mimi nilioneshwa rangi tu," dalali alijitetea.

"Sasa umejua. Mwambie mwenye nyumba atengeneze bomba, aache ukuta ukauke bila kupakwa rangi. Nitarudi siku ya mvua."

Mwenye nyumba alikubali. Mvua iliponyesha, mama na Chiriku walirudi chini ya mwavuli mmoja. Ukuta ulikuwa mkavu. Kigurudumu cha mita kilikuwa kimetulia tuli. Mama akatabasamu, na nyumba ikanunuliwa.

Jioni ya kuhamia, Chiriku alizungumza bila kupumzika kuhusu mapazia, mpaka mdogo wake akajifunika shuka kichwani. "Mama, mwambie anyamaze!"

Kifua chake hakikupiga mluzi. Mama alisikiliza kidogo, kisha akacheka.

"Mwache aseme. Mdomo huo ndio uliotupa nyumba nzuri." Alikaa kitandani pa Chiriku. "Ulikipenda chumba hiki, na bado ukasema ubaya wake. Watu wazima wengi hawawezi. Kitu ukikipenda sana, mwanangu, hapo ndipo ukikague zaidi, na ulichokiona ukiseme."

Chiriku alinyoosha mkono, akafungua kabati lililokuwa kando yake, akagusa ukuta wa nyuma. Kidole kilirudi kikavu.