Nywele Chini ya Kitanda

Harufu ndiyo iliyotangulia, kabla hata nesi hajamvua shati. Kinyozi huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Nadhifu kwa jinsi alivyochukia uchafu, aliitambua mara moja: ni ile ya bomba la sinki lililoziba nywele, nywele zilizokaa na maji machafu mpaka zikaota utelezi. Ila pale chumba cha dharura hapakuwa na sinki karibu.

Aliletwa na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, maana kifua kilimbana Nadhifu mashine ikiwa mkononi, mkono wa kushoto ukafa ganzi na jasho likamtoka chapachapa.

"Tafuna hiki kidonge, baba, usikimeze kizima," nesi alisema. "Nakunyoa kifua. Vibandiko vya mashine ya moyo havishiki kwenye nywele."

Akamnyoa kikavu kwa wembe butu. Nadhifu akasahau kuogopa kufa, akaanza kukereka. Nywele zenyewe nesi alizipangusa kwa kiganja zikaanguka sakafuni, basi. Miaka ishirini ya kazi, Nadhifu hakuwahi kumkalisha mteja kitini kabla hajafagia za aliyetoka.

"Dada, hizo nywele chini..."

"Tulia, baba. Tuna moyo wa kushughulikia hapa."

Vibandiko vikabandikwa kifuani na ubavuni, nyaya zikaunganishwa, mashine ikatoa karatasi yake. Daktari akaisoma: mshipa mmoja wa moyo umeziba. Nadhifu akatundikiwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

"Usiinuke, hata kukaa," daktari alimwambia. "Moyo wako sasa hivi hautaki purukushani. Ukikurupuka, moyo unaweza kusimama."

Wakavuta pazia, wakamwacha na mlio wa mashine. Ndipo akasikia kitu chini ya kitanda kikifyonza, taratibu, kama mtu na mfupa wa supu. Kikakohoa. Kikatema. Kikafyonza tena kile kile kilichotema.

Nadhifu akageuza macho tu, kichwa asithubutu kukigeuza, akaona vidole vikishika ukingo wa godoro, virefu, vyeupe, vimekunjamana kama vilivyolowekwa wiki nzima, na katikati yake donge la nywele zake mwenyewe, zile zenye mvi, limelowa mate ya njano yanayovutika mpaka sakafuni, kisha ukatokea ulimi, mpana, wenye nywele za watu wengine zimeganda juu yake, ukaanza kuvilamba vidole kimoja kimoja, na pumzi ya lile bomba lililoziba ikamjaa puani, na sauti, ya upole kabisa, ikamuuliza:

"Hakuna nyingine?"

Mashine ikaanza kulia mbiombio. Mkewe, aliyekuja mbio kutoka nyumbani, akafunua pazia. Vidole vikazama chini.

"Fagia chini ya kitanda," Nadhifu alinong'ona.

"Baba watoto, roho iko mlangoni na wewe unawaza kufagia?"

"Fagia, mke wangu. Kuna kitu kinanila."

Mkewe alitaka kumtania zaidi, ila harufu ikamfikia na yeye. Akainama, akaangalia, akainuka na mkono mdomoni. Akatoka kumwita mama wa usafi.

Mama yule alipoona ule ute sakafuni hakushangaa. Alikasirika.

"Huyu nesi ni mgeni," alisema kwa sauti ya chini. "Wenzake kwenye kitanda hiki wananyolea juu ya gazeti, nami nakwenda kulichoma. Jini huyu anaanza na nywele, akishaizoea ladha anamtaka mwenyewe. Ukibaki unywele mmoja, anao ufunguo wako, popote uendako."

Akavaa glovu, akakusanya kila unywele huku akisoma dua midomo ikimcheza, akaviringisha kwenye gazeti, akatoka kwenda kuchoma. Chini ya kitanda kitu kilitapika, kikatapika tena, kisha kimya. Harufu ikakatika. Jioni daktari alisema mshipa umefunguka, na mkewe akalia kwa furaha bila kuona haya.

Siku ya sita alikuwa nyumbani, amelala chali, ameambiwa asijichoshe wala asishtuke. Mkewe alikuwa anamkanda ubavu wa kushoto kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu.

"Wale watu bwana," alicheka. "Kibandiko kimoja walikisahau huku chini ya kwapa. Tena nywele zako zimenasia humo, uchafu mtupu. Nimekibandua."

"Kiko wapi?"

"Nimekidondosha hapo chini. Nikimaliza nafagia."

Harufu ya sinki ilikuwa imeshapanda. Mkewe naye akaacha kukanda, kitambaa kikidondosha maji mkononi mwake, wote wawili wakisikiliza mfyonzo ule wa taratibu chini ya kitanda chao wenyewe, kikohozi, na ile sauti ya upole.

"Hakuna nyingine?"

Nadhifu alijitahidi sana asishtuke.