Mwavuli Juu ya Tangi la Petroli

Kikohozi cha kwanza kilitoka walipoipita Donholm, na watu wote wanne ndani ya gari wakajifanya hawakusikia. Cha pili kilitoka Njiru. Cha tatu kilipotoka, magurudumu yote yalikuwa yameshapanda daraja moja la chini lisilo na kingo, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita juu yake, na pijo kuukuu la Wesonga likatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa, likapiga mshindo mmoja kwenye bomba la nyuma, likanyamaza.

Ilikuwa Novemba ya tisini na saba, msimu wa El Nino, mvua ambayo hainyeshi bali inamwagwa. Mbele nyasi na matope meusi, nyuma matope meusi na nyasi. Nyumba ya mwisho waliiacha nusu saa iliyopita, kwa sababu jirani yao Abdurahim aliapa kwamba anaijua njia ya mkato ya kwenda Ruai.

"Limezima," Abdurahim alisema kutoka kiti cha nyuma.

"Ahsante kwa taarifa," Wesonga akajibu. "Wewe ungekuwa redio ungesikika mpaka Busia."

Nabwire, mkewe, hakusema neno. Alikuwa amewapakata kuku wawili wa kutoka soko la Burma, na kimya chake Wesonga alikielewa kuliko hotuba. Asubuhi ile, mbele ya majirani wote pale mtaani Jericho, Nabwire alikuwa ametoa hukumu: "Baba Nabalayo, leo tunaenda kumwona mjukuu. Gari hili likizima tena njiani, Jumatatu nawaita watu wa vyuma vikuukuu waje na mizani yao." Na Nabwire akisema Jumatatu, ni Jumatatu.

Pijo lile lilikuwa limepeleka watoto watano shule, limebeba maharusi sita, limerudisha wazee wawili makwao kuzikwa. Jericho nzima iliujua ugonjwa wake kuliko ilivyojua shinikizo lake yenyewe la damu. Kwa miezi miwili dalili zilikuwa zilezile: likitoka nyumbani linanguruma vizuri, nusu saa baadaye linaanza kurukaruka, linakohoa, linakata pumzi. Fundi Masinde wa Industrial Area alibadilisha plagi. Likapona, likaugua tena. Akabadilisha pointi za kuwashia cheche, likapona siku moja. Kabureta ikaoshwa kwa mswaki. Kijana wa gereji ya Donholm aliliinamia kidogo tu, akasema, "Mzae, hii gari imechoka. Hata wewe ungechoka."

Sasa maji yalikuwa yanagonga mlango kwa adabu, kama mgeni anayejua atafunguliwa.

Abdurahim alikunja suruali, akashuka kupima kina. Hatua tatu, akapiga kelele, akashika mguu. Kitu kama bati kilikuwa kimemchana kwenye unyayo.

"Panda!" mkewe Lela alimwamuru. "Lete mguu. Maji yamefika wapi?"

"Chini ya goti. Lakini yanasukuma, Mama Zubair. Yanasukuma kama watu wa foleni ya sukari."

Lela aliufunga mguu kwa leso yake, akakaza fundo mpaka mumewe akaona nyota mchana. "Tunaweza kutembea?"

"Mimi labda. Nyinyi na kuku mtaonekana tena Athi River."

Wesonga aliweka alama ya macho kwenye jiwe moja la ng'ambo. Alipolitazama tena, jiwe halikuwepo. Moyo ukamshuka mpaka kwenye breki. Alizungusha ufunguo, starta ikalia *yee-yee-yee*, sauti ikififia. Injini ikashika mara moja, ikapiga chafya, basi.

"Betri ina mara mbili zaidi," alisema. "Tukibahatika, tatu."

"Baba Nabalayo," Nabwire alisema, kwa mara ya kwanza tangu Njiru, "mimi niliomba kumwona mjukuu. Sikuomba kumwona samaki."

Lela alikuwa ameinama mbele. Huyu mwanamke huuza mafuta ya taa na ya kupikia kwa kipimo, kwenye kibanda pale langoni Jericho, na mikono yake haisahau kitu. "Petroli ipo?"

"Ipo. Nusu tangi."

"Umeiona?"

"Itakwenda wapi? Tangi lina kifuniko changu!"

Hapo hata kuku walijua kinachofuata. Mwezi wa tisa wezi wa petroli walipolinyonya gari lile kwa mpira usiku mbili mfululizo, Wesonga alikwenda kwa mafundi wa Gikomba akachongewa kifuniko cha chuma chenye kufuli. Ndani yake akatia duara la mpira wa tyubu ya lori, alilolikata mwenyewe kwa wembe. Ufunguo aliuvaa shingoni kama hirizi. Alikuwa amewahubiria wanaume wote wa Jericho juu ya kile kifuniko.

"Hata harufu haitoki," alisema sasa, kwa mazoea.

"Harufu haitoki," Lela alirudia polepole. "Na hewa inaingilia wapi?"

"Mama Zubair, gari si debe la mafuta ya Kimbo."

"Mimi debe jipya la mafuta likija, nalitoboa matundu mawili. Moja mafuta yatoke, moja hewa iingie. Nikisahau la pili, mafuta huanza vizuri, halafu yanaruka, yanakohoa, mwisho yanagoma kabisa. Sasa niambie, shemeji, ugonjwa huo hujausikia mahali?"

Mvua ilipiga paa. Lela akaendelea kuuliza.

"Masinde akija kulitibu, huanza na nini?"

Wesonga aliushika ufunguo shingoni. "Huniomba ufunguo. Aone kama petroli ipo."

"Na yule kijana wa Donholm?"

"...Ufunguo."

"Subhanallah," Abdurahim alinong'ona. "Wote walikuwa wanalifungua mdomo tu, likapumua!"

Wesonga hakungoja kuchekwa. Alishuka, maji yakamkamata magoti kama mdai, akashikilia paa na kujivuta mpaka nyuma. Ufunguo ulikosa tundu mara mbili. Kifuniko kilikataa kutoka, kana kwamba kuna mtu ndani anakivuta. Alikizungusha kwa nguvu zake zote.

*Fyooooo.*

Tangi lilivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa kisimani. Wote wanne waliisikia, juu ya mvua na juu ya mto.

"Mvua itaingia!" Nabwire akapiga kelele.

"Kifuniko siwezi kukirudisha, kitalinyonga tena!"

"Baba Zubair, mwavuli! Toa mkono dirishani!" Lela akaamuru.

Hivyo ndivyo Abdurahim, mguu umefungwa leso ya maua, alivyotoa nusu ya mwili wake nje ya dirisha la nyuma akiukinga mdomo wa tangi kwa mwavuli mweusi. Wesonga akarudi usukani, amelowa hadi kwenye mawazo. Starta: *yee, yee*. Hakuna kitu. Alipumzisha. Maji yakaanza kuingia miguuni, na Nabwire akawainua kuku hadi kidevuni.

Akazungusha tena. *Yee... yee...* Injini ikashika silinda moja. Mbili. Ikatetemeka, ikasita, kisha zote nne zikanguruma kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu Agosti.

"Usiachie mafuta!" Lela alipiga kelele. "Kanyaga!"

Alikanyaga. Gurudumu la nyuma liliteleza hadi pembeni mwa daraja, wakanusurika kutumbukia kwa kiasi cha shibiri, Nabwire akaita jina la mama yake, halafu pijo likapanda matope ya ng'ambo likiguna kama fahali, na halikukohoa tena. Maili zote zilizobaki, watoto wa njiani walisimama kushangaa gari linalokimbia na tangi lake likifunikwa mwavuli kama bibi harusi.

Ruai, nyumba ya binti yao Nabalayo ilijaa watu hadi mlangoni. Mjukuu alipita mikono kumi na miwili kabla ya kufika kwa babu. Abdurahim aliwachinja kuku, maana Nabwire hakubali kuku achinjwe kwa namna nyingine, majirani wake Waislamu wakashindwa kula, na hadithi ya mto ilisimuliwa mara nne, kila mara maji yakipanda kidogo.

Chakula kikaja. Firigisi ililetwa kwenye kisahani chake, mbele ya Wesonga, kama desturi ya kwao inavyotaka. Firigisi ni ya baba. Jericho kuna mwanamke alirudishwa kwao wiki nzima kwa kuionja tu.

Wesonga aliitazama. Akainuka, akavuka chumba, akaiweka kwenye sahani ya Lela.

Nyumba nzima ikageuza shingo. Hata mtoto.

"Kula, Mama Zubair," alisema. "Leo baba ni wewe."

Lela aliiuma nusu, akatafuna bila haraka, nusu akampa Nabwire. "Imeiva," akasema. "Haya, na kile kifuniko?"

Wesonga alikitoa mfukoni. Walter, mkwe wake, alikuwa tayari amekwenda kutafuta msumari na nyundo, na Nabwire, akitafuna firigisi kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alikishika kifuniko kwa mikono miwili ili mumewe asikose.

"Toboa," alimwambia. "Jumatatu unanipeleka sokoni."