Giligilani Isiyo na Mizizi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Firdausi humwagilia viungo vyetu uani. Tunakaa Visiga, na shamba letu ni ndoo kuukuu tu: ya giligilani, ya mnanaa, ya mrehani. Mchaichai uko kando ya bomba.

Mwezi uliopita nilikwenda Kisarawe wiki nzima kumuuguza dada yangu Hamisa. Nikamwambia Firdausi, "Jumamosi mwalimu anakuja na wenzako kutazama bustani. Akiipenda, wewe ndiye utakayesimamia ile ya shule. Usisahau maji."

"Nisahau tena, Bibi? Mimi?"

Akasahau. Mchezo wa rede ulimkolea.

Jumamosi nilirudi nikakuta ndoo imejaa giligilani mbichi, ndefu. Nilishangaa, maana niliiacha fupi kama kidole. Sijakaa sawa, Mwalimu Eugenia na wanafunzi wakapiga hodi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibuni."

Mwalimu alitoa daftari. "Giligilani imestawi kweli!" Firdausi akatabasamu. Lakini jua la saa sita halina aibu. Shina moja likainama, la pili likafuata, mara ndoo nzima chali.

"Mwalimu, giligilani ya Firdausi imesinzia!" alisema Yassin, mwenzao asiyejua kufunga mdomo. Akavuta fungu moja. Likatoka bila ubishi: halina mzizi, limekatwa kwa kisu, tena limefungwa kamba ya mgomba. "Na hii imevaa mkanda!"

Wote wakacheka. Firdausi hakucheka.

"Ya kwetu ilikauka," alisema, machozi yakimlenga. "Hii niliomba kwa jirani, Mama Ipyana, nikaichomeka leo asubuhi. Nisameheni."

Mwalimu alifunga daftari. "Ahsante kwa kusema kweli. Lakini ndoo hii siiandiki leo. Nitarudi baada ya wiki nne."

Jioni nilitoa kopo la viungo jikoni.

"Tunapika pilau, Bibi?"

"Hatupiki. Tunapanda."

Tulizibiringisha punje za giligilani chini ya chupa mpaka zikapasuka mbili mbili, tukaziloweka usiku, asubuhi tukazifukia kidogo tu kwenye udongo wenye samadi. Rede hakuiacha, ila sasa maji yalitangulia. Siku ya tisa aliniita kwa kelele hadi kuku wakakimbia: vijani viwili viwili vilikuwa vimechungulia.

Mwalimu aliporudi, alisema, "Haya Yassin, vuta mche mmoja."

Yassin akavuta. "Huu unabisha, mwalimu!" Ukatoka na mzizi mweupe na bonge la udongo. Firdausi akawasimulia alivyodhani tunapika pilau kumbe tunapanda, na siku hiyo akakabidhiwa bustani ya shule.

Wageni walipoaga, nilimwambia, "Mjukuu wangu, majani ya kuwaonyesha watu utayapata kwa jirani. Mizizi haiombwi. Unaikuza mwenyewe, kila siku, hata pasipo mtu wa kukutazama. Na ukikosea, sema mapema, kabla jua halijakusemea."

"Nimesikia, Bibi."

Kutoka nje ya ua nikamsikia Yassin akiuliza, "Kwani pilau lenyewe ni lini?"