Unga wa Walinzi wa Soko

Kila ilipokaribia siku ya soko, Mwavita na mama yake walitwanga muhogo mpaka jasho likawatiririka mgongoni. Waliuloweka wenyewe kandokando ya mto Lualaba, wakauanika, wakaugeuza jua lilipogeuka. Mwavita alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili tu, lakini viganja vyake vilikuwa vigumu kama vya mtu mzima.

Kulipokucha walijitwika vikapu hadi sokoni Kindu, pale mitumbwi ilipotia nanga. Wagenya, watu wa mtoni, walivuka na samaki wa kukaushwa kwa moshi na chumvi. Watu wa bara walileta unga, mawese na mbuzi. Kwenye njia ya kuingilia alikaa Kasimu, mkuu wa walinzi, na wenzake wawili. Kila mwanamume aliwakabidhi mkuki au panga lake, akalichukua wakati wa kutoka. Na kila muuzaji aliwaachia kidogo cha bidhaa yake: huyu konzi ya unga, yule kipande cha samaki.

Konzi ile ndiyo iliyomchoma Mwavita. Kasimu alikuwa na binti wa rika lake, Halima, mwenye kaniki mpya na mikono laini. "Sisi tunatwanga, wao wanakula," Mwavita alinung'unika. "Baba yake kazi yake ni kukaa tu!"

"Nyamaza, mwanangu," mama yake alimwambia. Lakini wivu hauambiwi nyamaza ukanyamaza.

Siku moja, wakiteka maji, Halima alisema bila kuwaza lolote, "Jana mvua ilituingilia ndani. Unga uliolowa tukawapa kuku."

Mwavita hakulala na neno hilo. Aliwaendea wanawake waliokuwa wakiloweka muhogo, akawaambia, "Unga wetu wanalishia kuku! Halima mwenyewe kaniambia." Habari ya mvua hakuitaja.

Soko lililofuata, wanawake walipita mbele ya walinzi wamefunika vikapu vyao. Kasimu alipouliza kulikoni, mmoja akamjibu, "Kawaulize kuku wako!" Wenzake wakacheka. Kasimu aliwatazama, akasimama, akajipangusa vumbi. "Basi," alisema, "na sisi tuna mashamba yanayotungoja." Akaondoka na wenzake. Halima alimfuata baba yake ameinamisha kichwa, naye Mwavita akaona raha moyoni kama anayetafuna muwa.

Soko la kwanza bila walinzi lilipita salama. "Umeona, mama?" Mwavita alisema. "Konzi yetu tumerudi nayo nyumbani."

Soko la pili, Bulaimu, muuza mbuzi, aligombana na mnunuzi. Zamani wangetukanana, wakachoka, wakaachana. Safari hii mnunuzi alikuwa na mkuki mkononi. Bulaimu alichomwa mkono, damu ikamwagika, na soko zima likakurupuka. Watu walikanyagana, wezi wakazoa walichoweza. Mama yake Mwavita aliangushwa, unga ukamwagika matopeni. Wagenya walisukuma mitumbwi yao majini bila kungoja vikapu vyao.

Hawakuonekana tena. Nyumbani kwa kina Mwavita sombe, mboga ya majani ya muhogo, ililiwa bila chumvi wala samaki. Mdogo wake, Masudi, aliisukuma sahani na kulia. Unga uliokosa mnunuzi uliota ukungu. Baba yao sasa alimsindikiza mama kila soko, mkuki begani, na huku nyuma magugu yakafunika mpunga, nyani wakavuna mahindi.

Siku moja Mwavita alipita karibu na shamba la Kasimu, akamkuta Halima analima.

"Kuhusu kuku," Halima alimwuliza bila kuliacha jembe, "habari ya mvua uliisema?"

Mwavita aliinama, akang'oa gugu lililokuwa miguuni pake.

"Nilijua," Halima akasema, akaendelea kulima.

Jioni ile Mwavita alimweleza mama yake kila kitu, akilia. Mama hakumpiga. Asubuhi alimshika mkono, wakaenda kwa wanawake wenziwe, na Mwavita akarudia maneno yote mbele yao. Kisha wote wakaenda kwa Kasimu kumwomba radhi.

"Nitarudi," Kasimu alisema. "Lakini kikapu cha walinzi kikae wazi, nanyi mchague mama mmoja wa kukisimamia. Tukizidisha, mtuambie usoni, si kutusengenya mtoni."

Bulaimu, mkono wake ungali umefungwa kitambaa, alikubali kuvuka mto na wazee kwenda kuwabembeleza Wagenya. Soko la kwanza baada ya hapo ilikuja mitumbwi michache tu. Soko lililofuata ikawa mingi, na chumvi ikarudi. Halima aliitikia salamu ya Mwavita, ila hakuketi karibu naye. Ilichukua muda mrefu kabla hawajateka maji pamoja tena.

Siku moja wakirudi kutoka sokoni, Mwavita alimwuliza mama yake, "Mama, walinzi hawalimi wala hawatwangi. Mbona tunawalipa?"

"Hata mimi nilipowasikia wenzangu wakisema hivyo, nilifunika kikapu changu," mama alijibu. "Amani haiuzwi mafungu sokoni, mwanangu, ndiyo maana mtu hudhani ni ya bure. Lakini bila hiyo hakuna anayenunua wala anayeuza. Tulibania konzi, tukapoteza kikapu, na siku za baba yako shambani, na damu ya mtu. Anayetulinda tumlipe haki yake, naye tumwangalie asizidishe. Na wewe, jicho lako likiumwa na cha mwenzio, kwanza umwulize anakipataje. Nusu ya neno ilitosha kuvunja soko zima."

Mwavita aliitikia kwa kichwa, akampokea mama yake mzigo wa chumvi.