Maneno ya Piran

Kila siku baada ya chakula cha mchana, wenzake walipotoka kwenda kucheza, Lowenna Nance alibaki katika chumba cha kompyuta. Alikuwa darasa la sita, na kazi ya historia ya muhula huo ilikuwa imemteka.

Zamani, kabla wazazi wake hawajazaliwa, mchezo wa televisheni wa watoto ulioitwa Gati ya Kale ulirekodiwa hapohapo kwao Mevagissey, kijiji cha bandari. Baadaye kanda zake zilifutwa ili zitumike kurekodi vipindi vingine, na miswada ya studio ikatupwa. Miaka ikapita, kisha mama mmoja aliyeupenda mchezo huo akanakili miswada aliyokuwa nayo na kuiweka kwenye tovuti yake. Tovuti hiyo nayo ilikuwa imekwisha kufungwa. Hata hivyo, ipo hifadhi ya mtandao ambayo huchukua nakala za kurasa, siku hii na siku ile, na kuzitunza hata wenyewe wakishazifuta. Bi Odgers, mwalimu wao, ndiye aliyewafundisha kuitumia.

"Bado unafukua makaburi?" Denzil, mwanafunzi mwenzake, aliuliza siku moja, akichungulia mlangoni na mpira kwapani.

"Nimepata sehemu zote isipokuwa ya mwisho. Ijumaa nitaisoma mbele ya darasa, mpaka neno la mwisho."

"Na usipoipata?"

"Nitaipata. Mimi si wewe."

"Haya, bingwa. Tutaona."

Alhamisi Lowenna aliupata ukurasa wa sehemu ya mwisho. Ndugu wawili, Sam na Tom, wanaagana gatini, kwa kuwa Sam anakwenda baharini. Alisoma haraka, moyo ukimdunda, mpaka alipofika kwenye mstari huu: "SAM (anageuka, anamtazama mdogo wake):" Baada ya hapo hapakuwa na kitu ila neno "Endelea". Alipolibonyeza, hifadhi ilimjibu kwamba ukurasa huo haukuhifadhiwa.

Alijaribu tena na tena, jibu likawa lilelile. Akamkumbuka Denzil. Kisha akaandika mwenyewe: "Bahari itanichukua, Tom, lakini moyo wangu utabaki nawe gatini daima." Aliusoma mstari huo mara mbili, akaona umependeza. Nani angejua?

Ijumaa Bi Odgers aliingia darasani na mgeni, Mzee Jory Kitto, fundi mstaafu wa injini za mashua. Watoto wote walimfahamu kwa sura. Wasichojua, mpaka Bi Odgers alipowaambia, ni kwamba alipokuwa na miaka kumi ndiye aliyeigiza Tom, na kaka yake wa kuzaliwa, Piran, akaigiza Sam. Piran alikuwa amefariki mwezi wa Januari.

Lowenna alisoma. Alipofika mwisho, sauti yake ilipungua yenyewe. Mzee Kitto alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, asiivae tena.

"Sikuyakumbuka kabisa maneno hayo," alisema. "Umenirudishia kaka yangu, mwanangu. Tunamwekea benchi pale bandarini, na nilikuwa sijui niandike nini kwenye kibao chake. Sasa najua. Jumatatu mchana nakwenda kwa mchongaji."

Darasa likapiga makofi. Denzil naye alipiga, tena kwa dhati, na hilo ndilo lililomwumiza Lowenna kuliko yote. Uso ulimwaka moto. Alitaka kusema, lakini akakunja karatasi yake, akarudi kuketi.

Jumamosi hakula. Mama yake alimpima joto, akakuta hana homa. Jumapili walipopita bandarini, aliona saruji mbichi mahali benchi litakapowekwa, akageuza uso kama mtu aliyeiba. Uongo wake ungechongwa kwenye shaba, na watu wangeusoma hata yeye akiwa mzee.

Jumatatu asubuhi alimsubiri Bi Odgers mlangoni.

"Mwalimu, ule mstari wa mwisho niliutunga mimi."

Bi Odgers hakupandisha sauti. "Umemwambia Mzee Kitto?"

"Hapana. Naomba umwambie wewe."

"Mimi sikutunga kitu. Saa nne tutakwenda wote, lakini msemaji utakuwa wewe."

Mzee Kitto aliwafungulia mlango, birika likichemka nyuma yake. Lowenna alisimama pale ukumbini, asiweze kuinua macho, akasema yote. Mzee alikwenda kulizima birika, akarudi.

"Tangu Ijumaa nimekuwa nikimsikia Piran akiyasema maneno hayo," alisema. "Kwa sauti yake mwenyewe. Sasa nitamtoaje masikioni?"

Lowenna alilia.

Bi Odgers alitoa kompyuta ndogo aliyokuja nayo, akaiweka mezani. "Ulitazama nakala ya lini?"

"Ya mwisho kabisa. Nilidhani ya mwisho ndiyo kamili."

"Hapo ndipo ulipokosea kabla hujadanganya. Tovuti hufa kidogo kidogo. Tafuta za nyuma."

Lowenna alirudi kwenye nakala ya miaka miwili kabla. Akabonyeza "Endelea". Safari hii ukurasa ulifunguka. Aliusoma kimya, akasita.

"Soma," alisema mzee. "Lolote lile."

"Sam anasema, 'Usiwape shakwe chipsi zangu.' Halafu anaondoka."

Mzee Kitto alimkodolea macho. Kisha akacheka mpaka akakohoa, akashika meza. "Huyo ndiye Piran! Mtunzi alimwachia aseme alivyozoea. Kila tukienda gatini alikuwa akiniachia chipsi zake, na kila akirudi zimeisha!" Alijipangusa machozi. "Wala si ndege hao waliokuwa wakizila."

Kisha akamgeukia Lowenna, kicheko kimekwisha. "Nimekusamehe. Lakini usidhani hukuniumiza."

"Najua, mzee."

Mchana huo alilieleza darasa lote. Denzil hakumcheka. Alisema tu, "Mimi nisingeweza kwenda kwake," na Lowenna akaona afadhali angemcheka.

Mwezi wa Mei benchi lilizinduliwa. Kibao cha shaba kiling'aa juani, na juu ya ukuta wa bandari shakwe watatu walizitazama chipsi za kila mtu. Mzee Kitto alimwita Lowenna akisome kibao kwa sauti. Alikisoma, watu wakacheka kwa furaha, naye akatabasamu huku masikio yakimwaka bado.

Walipokuwa wakirudi shuleni, Bi Odgers alitembea kando yake.

"Ungesoma Ijumaa ile ukaishia kwenye pengo, ungepata aibu gani?"

"Denzil angenitania."

"Mpaka lini?"

Lowenna alifikiri. "Mpaka jioni."

"Basi kumbuka hilo. Ukifika mahali hujui, sema hujui, na uliache pengo wazi ili mwingine aje atafute. Ukilijaza kwa uongo, hakuna atakayetafuta tena."