Samaki wa Kiwanja cha Kiarie

Jumamosi hiyo Okeyo alirudi nyumbani, kijiji cha Raila huko Kibera, suruali imelowa hadi magotini, na mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Aluoch, mkewe, aliinusa ile suruali kabla ya kuitia kwenye beseni. Ilinuka tope la chini kabisa, tope lisilowahi kuona jua.

"Umetoka wapi?"

"Class."

"Class gani ya kulowa?"

"Si nilikushow. Tunafunzwa kuvua kwa nyasi. Hakuna maji huko."

Hebu niambieni, mke gani angeyameza hayo? Kwanza, mtoto wa ziwani kufundishwa kuvua na mtu wa Nyeri ni kichekesho tosha. Lakini Okeyo alikuwa amechoka na kazi za mjengo, na Mwalimu Kimotho, aliyewahi kuwatembeza watalii kwenye mito baridi ya milimani, alikuwa ameahidi kuwatafutia kazi wanafunzi watakaoshika haraka ule uvuvi wa nzi bandia, nzi wanaofungwa kwa manyoya na uzi. Hayo Aluoch aliyakubali. Maji ndiyo hakuyakubali. Tena kulikuwa na mwanafunzi mmoja, Shiru, ambaye Okeyo alikuwa amemtaja mara nyingi kuliko inavyofaa.

Jumamosi iliyofuata akamfuata mpaka Kawangware, leso kichwani, roho juu.

Darasa lilifanyiwa kwenye kiwanja cha mzee Kiarie. Hapo Aluoch alipaswa kushtuka mapema. Mwenye ploti wa Kawangware hujenga hata mahali pa kutandika mkeka, na Kiarie alikuwa ameacha kiwanja kizima kwa ajili ya nyasi. Zamani palikuwa timbo la mawe, likajaa maji, kisha likafukiwa.

Wanafunzi walijipanga wawili wawili. Mmoja alirusha uzi kwa fimbo ndefu nyembamba, na badala ya ndoana palifungwa kipande cha sufu nyekundu. Mwenzake aliishika ile sufu na kukimbia nayo huku na huku, akijifanya samaki, ili mwenye fimbo ajifunze kumchosha na kumvuta. Walicheka kama watoto. Shiru alikuwa samaki wa mama mmoja mnene, na wala hakumtazama Okeyo.

Okeyo alikuwa peke yake kule mwisho. Alishika sufu mdomoni, si mkononi. Uzi ulitoka kwake ukiwa umekazika, ukaenda mpaka katikati ya kiwanja na kuzama ndani ya nyasi. Hapakuwa na fimbo wala mtu wa kuishika.

Aluoch alimsogelea Shiru. "Huyo anacheza na nani?"

Shiru alimpima kwa macho. "Wewe ni bibi yake? Sisi tuko odd, madam. Siku ya kwanza yeye ndiye alikosa partner, Mwalimu akamwambia angoje. Baadaye akasema amepata." Akashusha sauti. "Mi nilidhani ni mmoja wenu wa Kibera. Lakini sijawahi kumwona huyo mtu."

Wivu ulimtoka Aluoch palepale, na kilichoingia mahali pake kilikuwa kibaya zaidi.

Nyumbani akaanza kuona aliyokuwa hayaoni. Okeyo alikaa mlangoni siku nzima, uso umeelekea Kawangware. Ukimgeuza kiti, alijigeuza. Chini ya kitanda, mahali palipokuwa na ndoo tu, palisikika krrr, krrr, kama uzi unaokunjwa kwenye gurudumu lake, na kila sauti hiyo ilipolia, pembe ya mdomo wa Okeyo ilivutwa pembeni kidogo, yeye mwenyewe hana habari, anaendelea kuzungumzia bei ya unga, huku harufu ya lile tope ikipanda kutoka kwenye fulana aliyoifua Aluoch mwenyewe na kuianika juani tangu asubuhi.

"Okeyo, ni nani anakuvuta?"

"Ni class tu," alinong'ona. "Ananipa uzi, halafu anavuta. Ako poa sana. Kila Jumamosi nafika karibu."

Aluoch alienda Mashimoni, hapo hapo Kibera, kwa Mama Kageha, nabii wa kanisa la kanzu nyeupe, na Jumamosi wakatangulia kiwanjani na ngoma yao. Okeyo alikuja na kuitia sufu mdomoni. Mama Kageha akapiga ngoma, akakemea, akaliamuru lile jini limwache mtu wa watu. Kadiri alivyokemea, ndivyo uzi ulivyokazika. Aluoch alimkumbatia mumewe kiunoni na kurudi nyuma kwa nguvu zote, na damu ikaanza kumtiririka Okeyo kidevuni.

"Msimvute," Kimotho alisema. "Mama, ukivuta, ndoana inaingia zaidi. Uzi ukilegea ndio inatoka."

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Mwache aende."

"Aende wapi, Mwalimu? Aende kwa nani?"

Aluoch alimtazama Mama Kageha, na Mama Kageha akateremsha ngoma. "Mwachilie, mwanangu. Mimi nimeshindwa."

Aluoch alimpenda mume wake, na huo ndio ulikuwa ugumu wote. Akafungua mikono. Okeyo akatembea kuelekea katikati, na nyasi zikamfika magotini, kisha kiunoni, ingawa hazikuwa ndefu kuliko kidole, na wote walisikia maji yakimpisha, na uzi ukalegea, ukalala juu ya nyasi, na Okeyo akajilaza kwa tumbo polepole kama mtu aliyebebwa, akatulia hivyo muda ambao Aluoch aliuona mrefu kuliko ndoa yake yote, kisha akainuka, akageuka na kurudi kwa mkewe akitapika maji meusi.

Mama Kageha aliimba. Shiru alilia. Aluoch alimfuta mumewe uso kwa leso yake, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi Okeyo alimtazama yeye, si Kawangware.

"Amekuachilia?" Aluoch alimuuliza.

"Amenishika tumbo na mikono miwili, polepole, mpaka nikapata nguvu. Vile Mwalimu alitufunza kurudisha samaki."

Kimotho alikuwa anakunja vifaa. Mikono ikasimama.

"Mwalimu," Aluoch akasema, "nyinyi mkishika samaki, mbona mnamrudisha?"

"Kama ni mdogo tunamrudisha. Aende akue kwanza." Kimotho alitazama nyasi. "Siwezi fundisha hapa tena."

Okeyo alipona. Krrr haikusikika tena, alirudi mjengo, akawa mcheshi kuliko zamani, na hamu ya chakula ikamrudia kwa kishindo. Ndani ya miezi michache mashati yakambana, mashavu yakajaa, na majirani wa Raila wakamsifu Aluoch kwa kumtunza mwanamume wa watu.

Jioni moja alimaliza ugali na omena, akasukuma sahani mbele. "Niongeze kidogo."

Aluoch alimtazama shingo iliyonona, akaitwaa sahani ile na kwenda kuiosha.

"Mwanamke, bado nina njaa."

"Najua," Aluoch alisema, machozi yakimdondokea kwenye beseni. "Utalala hivyo."